Chura wa Mlimani Bafuni kwa Mama

Mama yangu alianza kusikia mtu akibisha hodi bafuni kwake msimu wa baridi uliopita, baridi ya Muscat, ile ambayo wageni wanaicheka na sisi tunaivalia sweta. Kila magharibi akiingia kutia udhu anasikia kitu kinagonga: tik-tik-tik, kinanyamaza, kisha tik-tik tena. Mwanzo alitueleza kama habari tu, kama anavyotueleza kwamba maji ya moto hayatoki. Baada ya siku kadhaa akawa anatueleza kwa sauti ya chini, na mlango ameurudishia. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Nyumba yetu iko upande wa juu wa Wadi Kabir na tunakaa watatu: Mama, dada yangu mkubwa ambaye ni mjane, na mimi ambaye sikuolewa na nimechoka kuulizwa kwa nini. Chini yetu hakuna ila gereji, mafundi wanagonga mabati kutwa nzima. Kwa hiyo jibu langu la mwanzo lilikuwa jepesi.

"Ni mafundi hao, Mama."

"Mafundi gani wanaogonga magharibi? Hawasali hao?" akaniuliza. "Na mlango wa bafu yangu ndio bodi la gari?"

Mama kusikia vitu si jambo dogo kwetu. Bibi yetu, mama yake Mama, mwaka wake wa mwisho kule Unguja alikuwa akisikia watoto wanacheka chini kwa chini nyuma ya nyumba, kwenye birika la maji chini ya miti. Watu walikwenda kutazama, hawakuona mtoto hata mmoja. Wakasema akili imemruka. Wakamnyang'anya funguo zake, wakamweka chumba cha ndani, na humo ndimo alimofia. Mama alikuwa msichana wakati huo, na tangu tulipokuwa wadogo hapa Oman alikuwa na msemo wake mmoja kuhusu mamake: "Akili yake ilitokea masikioni." Kila mwaka tukimsomea bibi khitima, mwishoni Dada anapoomba dua, hakosi kutaja maradhi yale, akimuomba Mola amsamehe kwa aliyoyasema akiwa hajifahamu. Sote tunaitikia amin.

Basi Mama alipoanza na hodi zake, hakuna aliyetamka neno lakini sote tulikuwa tunalifikiria lile birika, na yeye kuliko sisi.

Dada hakupoteza muda. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi, bafu ina mwenyewe, na mwenyewe si binadamu. Alitoa chetezo kikubwa, kile cha arusi, akatia makaa na ubani, na kila ikikaribia magharibi akawa anaingia bafuni kwa Mama anafukiza huku anasoma, mpaka moshi unatoka chini ya mlango na sisi huku ukumbini tunakohoa. Na hodi zikakoma. Mama akiingia kutia udhu nyuma ya ule moshi, kimya. Siku ambayo Dada kachelewa, tik-tik-tik, akija na chetezo, kimya.

"Umeona?" Dada akaniambia, macho yanang'aa. "Wewe na vitabu vyako."

Mimi nilikuwa na vitabu vyangu kweli. Nafundisha elimu ya viumbe chuoni, na kwa mtu kama mimi sauti inayosikiwa na mtu mmoja tu na kunyamazishwa na ubani ni sauti iliyomo kichwani. Nilisoma habari za ubongo wa wazee hadi nikawa sijui kulala. Nikamtafutia Mama daktari wa mambo ya kumbukumbu, tukapangiwa siku. Nyumba nzima tukawa tumegawanyika, Dada anashika jini, mimi nashika ubongo, na tulikuwa tunagombana jikoni kwa kunong'ona ili Mama asisikie. Mama aliyekuwa akisikia kila kitu.

Halafu likaja suala la tui. Mama alibandika tui la nazi jikoni, akalisahau, sufuria ikaungua mpaka moshi ukawaita majirani. Mama alisema hakusahau, alikuwa amesimama mlangoni mwa bafu anaiskiza ile hodi. Kwetu sisi huo ukawa ushahidi zaidi. Dada alivichomoa vishikio vya kuwashia jiko la gesi, vyote, akavitia katika mkoba wake. Ukiwa hujaona mwanamke aliyepika miaka sitini amesimama mbele ya jiko lisilo na pa kulishika, usiombe kuona. Nilikwenda chumbani kwangu nikalia.

Na tukakubaliana, mimi na Dada, kwamba daktari akisema tunalolidhani, Mama atahamia Quriyat kwa mtoto wa Dada. Kule hakuna ngazi, kuna mtumishi, kuna mitende uani. Hii nyumba tutaipangisha. Tulimweleza Mama kwa maneno matamu. Alichukua msala wake akaenda kusali. Mama yangu anajibu hata matangazo ya redio, kwa hiyo kimya kile kilinichoma.

Sasa nieleze ile bafu. Mama hataki mimea nje, anasema jua la Muscat halina adabu. Mimea yake yote iko bafuni, kwenye dirisha refu la kioo cha ukungu. Tulimnunulia mwanzoni mwa baridi katika kitalu kimoja njia ya Yiti: majani ya jamii ya kangaga, yale yanayopenda kivuli na majimaji, katika vyungu vilivyojaa kuvumwani, ule uoto laini wa kijani unaotanda penye unyevu. Kila asubuhi anavimwagia maji kwa kopo, maana Mama hajawahi kuamini bomba la mvua. Kiyoyozi cha chumbani kinapuliza hadi humo. Na kwa mbolea anaroweka maganda ya ndizi katika ndoo, kwa hiyo wale wadudu wadogo wanaozunguka ndizi mbivu hawakosekani. Dada alikuwa akilalamika kwamba bafu inanuka msitu. Mimi nilikuwa nikiipenda harufu ile, na sikujiuliza ni msitu gani.

Siku moja Dada akaalikwa arusi Quriyat. Aliondoka mchana na mkoba wake, na vishikio vya jiko ndani yake. Aliniachia maagizo ya ubani kama daktari anayemwachia mtu sindano, kiasi gani, saa gani, sura ipi. Nikamwambia inshallah. Nilikuwa nimeamua sitafukiza. Nilitaka kukaa na Mama, asikie analosikia, niandike dalili zake kwa ajili ya daktari.

Magharibi ilipoingia Mama akaniita. "Leo hufukizi?"

"Leo nataka unionyeshe, Mama."

Alinitazama kama anayepima kama namcheza shere. Kisha akaingia, akakaa kitako kwenye kigoda chake, akafungua bomba dogo la udhu. Mimi nikaegemea mlango. Alitia maji mikononi, akasukutua, akapandisha puani. Alipofika usoni, kikagonga.

Tik-tik-tik. Tik-tik.

Mama hakugeuka. Aliendelea na udhu wake, maji yanamchuruzika kidevuni, lakini niliuona mgongo wake umekaza. Alikuwa anasubiri nimwambie sikusikia kitu.

Nami nilikuwa nimesikia. Mbaya zaidi, nilikuwa ninaijua sauti ile, na kujua kwenyewe kukanitisha, kwa sababu sauti ile haiwezi kuwepo Muscat. Wazo langu la mwanzo lilikuwa kwamba ugonjwa huu unaambukiza.

Nilipokuwa kijana nilisoma shahada yangu ya pili Malaysia, na mwalimu wangu alinipeleka kwenye milima ya juu, inakolimwa chai, nikafuate sauti ya kichura kimoja. Vyura wa mtini wa Asia ni wengi, lakini huyu ni mdogo sana, kama kokwa ya tende, na sauti yake ni kubwa kuliko yeye. Anakaa misitu ya mlimani tu, kwenye ukungu, juu ya majani mafupi na kuvumwani, wala hateremki bondeni kwenye joto. Wataalamu wamemhamisha jenasi moja hadi nyingine mara kadhaa, kama mtoto wa kambo asiyejulikana alale chumba gani. Leo jina lake ni Raorchestes parvulus, na hilo la pili maana yake ni kidogo kabisa. Na hata jina hilo lina mashaka, maana ukisikiliza mlima huu na mlima ule unaona sauti zinatofautiana, na huenda jina moja limewafunika vyura kadhaa, kila mmoja na kilele chake. Kazi yangu ilikuwa kurekodi hizo hodi, mlima kwa mlima, na kuvipima vidole vya wenyewe. Nilizisikia mpaka nikawa naziota. Nikarudi Oman, nchi isiyo na chura wa mtini hata mmoja, nikafundisha wanafunzi habari za ngamia.

"Mama," nikasema. "Nimesikia."

Akafunga bomba. "Umesikia nini?"

"Anagonga. Tik-tik-tik. Yuko kwenye mimea."

Mama alijishika kifua kwa mkono wa maji. Akaanza kulia bila ya sauti, na mimi huku nimeshapiga magoti mbele ya vyungu napekua majani kama mwizi. Nilimkuta kwenye chungu cha tatu, chini ya jani, kakunja miguu. Rangi ya kahawa, na kwenye ncha za vidole vile vijisahani vya kunatia. Aliniona, akakivimbisha kifuko cha koo lake, akagonga tena mbele ya macho yetu sote wawili.

"Huyu?" Mama akasema. "Huyu ndiye aliyetaka kunipeleka Quriyat?"

Tukacheka. Tulicheka mpaka Mama akashika ukuta. Nilikuwa sijacheka tangu tui liungue, nikakaa pale pale kwenye maji. Mama yangu ana akili zake timamu, na masikio yake ni mazima kuliko ya kwetu. Ubani tu ndio uliotupoteza. Chura anavuta pumzi hata kwa ngozi, ukimfukizia moshi ananyamaza, anajificha, anangoja upite. Kila Dada alipoingia na chetezo alikuwa anamziba mdomo shahidi wa Mama.

Kisha Mama akanishika mkono ghafla. "Na udhu wangu je? Mwezi mzima nnatia udhu na chura. Sala zangu zimesihi?"

"Hakuingia kwenye maji yako, Mama."

"Umemuuliza?"

Nikamwambia tutamuuliza shekhe. Akatia udhu upya, akasali, na baada ya kutoa salamu, kabla hata hajakunja msala, akanitolea amri yake ya mwanzo baada ya wiki nyingi: "Mpigie dada yako. Mwambie arudi na jiko langu."

Dada alirudi asubuhi, hina ya arusi mkononi haijakolea. Nilikuwa nimeshamtumia sauti ya chura kwenye kundi la familia, na akajibu kwamba hata majini hujigeuza. Lakini alipoinama juu ya kile chungu na yule mdogo akamgongea pua kwa pua, alirudi nyuma akakanyaga ndoo ya maganda ya ndizi. Hakuomba radhi kwa maneno, hayo si mambo ya Dada. Alikwenda jikoni akavirudisha vishikio mahali pake, kimoja kimoja, akavifuta na kanga yake. Mama siku hiyo alitupikia mikate ya kumimina ya kulisha mtaa.

Nilipiga simu kitaluni. Aliyepokea alikuwa kijana wa Kenya, na nilipomweleza alidhani nataka kurudisha mimea.

"Madam, sisi hatuuzi chura," akaniambia. "Hiyo plant ilikuja na kontena ya baridi kutoka Malaysia. Kama kuna mtu alipanda huko ndani, huyo hana viza."

Nikatoa taarifa kwa wanaohusika na mazingira, maana kiumbe mgeni haachiwi hivi hivi, hata akiwa kama kokwa. Walikuja, wakapekua vyungu vyote, hawakuona mwenzake. Kilikuwa kidume kimoja, kimeita majira yote ya baridi na hakuna wa kukijibu. Mmoja wao aliuliza kama ninataka kumhifadhi kwenye spiriti, kama inavyofanyika ili jina lithibitike. Mama alikuwa amesimama nyuma yake na trei ya kahawa.

"Chura hauawi," alisema. "Akilia anamsabbihi Mola. Kunywa kahawa yako."

Hivyo tukapewa ruhusa ya kumweka hai, katika sanduku la kioo kwenye chumba cha baridi cha maabara yetu, pamoja na chungu chake. Bafuni kwa Mama asingeuvuka msimu wa joto. Kwa daktari tulikwenda vile vile, kwa sababu siku tulishapangiwa. Daktari akamuuliza Mama hili na lile, akamchorisha picha ya saa kupima akili yake, na Mama akamuuliza yeye nasaba yake hadi wakafika kwa babu wanayemjua wote wawili. Alituambia mama yenu anasahau kama watu wa umri wake wanavyosahau, mrudisheni nyumbani kwake. Garini mimi na Dada tulishikana mikono kama watoto wa shule.

Kabla sijampeleka chura maabara, Mama alitaka kumjua. Mama hapokei mgeni bila ya kumuuliza kabila lake. Nilikaa naye ukumbini, lile sanduku la kioo liko mezani baina ya halwa na vikombe, nikafungua picha kwenye simu nimuonyeshe.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alimwambia chura. Kisha kwangu: "Haya, nambie. Kabila gani huyu?"

Nikamweleza. Kwamba jina lake linagombaniwa, na kwamba pengine watu wa mlima wake si watu wa mlima wa pili. Hilo alilielewa kuliko mwanafunzi wangu yeyote.

"Kama kwetu," akasema. "Jina moja, na kila bonde na wazee wake. Na jamaa zake wako wapi?"

"Wengi wako Asia, Mama. Lakini ukoo wao mkubwa una tawi Afrika."

"Unguja wako?"

"Mwambao wa Afrika wapo. Wale si kama huyu. Huyu mayai yake yanatoa vichura moja kwa moja. Wale wa Afrika wanakaa juu ya miti inayoinamia maji, wanatengeneza povu jeupe kwenye matawi, wanataga humo, viluwiluwi vinadondokea majini. Sauti yao haigongi. Ni ndogo, kama vicheko vya chini kwa chini."

Nilikuwa natafuta picha huku nasema, sikuwa nimemtazama. Nilipompa simu aliishika kwa mikono miwili. Ilikuwa picha ya povu, donge jeupe kwenye tawi juu ya maji.

"Hili nnalijua," Mama akasema.

Akaisogeza simu karibu na macho.

"Lilikuwa juu ya birika. Kwenye matawi, kila mvua. Mama yangu alikuwa akinshika mkono akinonyesha, akisema, wako pale, wanacheka pale. Watu wakasema ni mate ya shetani. Wakaleta ubani." Akaiweka simu mezani. "Mie ndie niliyekibeba chetezo. Nilikuwa mtoto, nikaambiwa beba, nikabeba."

Mtaalamu aliyemo ndani yangu alitaka kusema kwamba hatuna ushahidi, kwamba ni miaka mingi, na kwamba povu moja kwenye kumbukumbu ya msichana si kitu cha kuandikwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwambia mtaalamu huyo anyamaze. Nilimkumbatia Mama. Hakuwa analia kwa huzuni peke yake, niliihisi pumzi yake inashuka polepole, kama mtu aliyetua mzigo aliokuwa kauzoea.

Dada alitoka jikoni akatukuta vile. Mama akajifuta uso na ncha ya mtandio, akairudia sauti yake ya kila siku.

"Ijumaa tumsomee mama yangu khitima," alimwambia. "Na dua utaomba weye kama kawaida yako. Lakini mara hii maradhi usiyataje."